Nipe Mji

Januari 2010, mtaani kwetu Mkunazini, usiku ulikuwa usiku kweli. Tangu Disemba 2009 umeme ulikuwa umekatika kisiwa kizima cha Unguja, kwa hitilafu ya njia inayotuletea umeme kutoka Bara chini ya bahari, na haukurudi mpaka Machi. Mahoteli yaliwasha majenereta, wenye uwezo nao wakawasha yao, na sisi wengine tukatoa mikeka nje. Televisheni zilikuwa zimenyamaza, simu zilipangiwa foleni dukani kuchajiwa, na ndani hakukaliki kwa joto. Watoto ambao hawakuzoea kukaa barzani baada ya isha wakajikuta wamebanana nasi juu ya jiwe, wanangoja kitu wasichokijua.

Jirani yetu mmoja, bi mkubwa aliyekwisha kuona wajukuu wa wajukuu, akasema katika kiza kile: "Kitendawili!"

Kimya. Mtoto mmoja akacheka. Bi mkubwa akarudia, sauti ile ile, bila ya haraka. Ndipo kijana wa darasa la tano akakumbuka alichosoma skuli, akaitika: "Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" wakajibu wote kwa mpigo mmoja, kama wanavyoitikia salamu ya mwalimu.

"Siyo."

Wakatazamana. Mmoja akasema pango. Bi mkubwa akamwambia pango ni mlango mtupu, nyumba ndiyo hamna. Mwingine akasema nazi, na hapo bi mkubwa akafurahi. "Umekaribia, mwanangu. Lakini nazi ina macho matatu, na mche wake hutokea jichoni. Mlango ule." Wakajaribu tena na tena mpaka wakachoka, akasema: "Nipeni mji."

Hawakujua wampe mji gani, wala kwa nini. Tukawaeleza. Wakampa Makunduchi, akakataa, akasema huko kashazoea. Wakampa Maskati, akaipokea. Akatuambia alivyokwenda Maskati, alivyopokelewa kwa udi na marashi, alivyokula halua mpaka vidole vikagandana, na kila alipotia tonge kinywani aliwakumbuka watu wa Mkunazini waliokaa kizani na muhogo mkavu, hawana hata tungule ya kuchachulia. Watoto walicheka mpaka jirani wa juu akafungua dirisha. Kisha akatoa jibu lake: kaburi.

Kijana wa darasa la tano hakukubali. "Bibi, mwalimu katufundisha yai. Na kitabuni imeandikwa yai."

"Mwalimu ana lake yai," bi mkubwa akamjibu. "Mimi naisogelea hiyo nyumba yangu."

Sijausahau usiku ule. Umeme uliporudi watu walishangilia mitaani, na mimi nilishangilia pamoja nao. Siwezi kuutamani tena msimu wa watu kuozesha samaki na wagonjwa kulala kwenye joto. Lakini kwa majuma yale machache niliona kitu kikifanya kazi ambacho kwa miaka mingi nilikuwa nimekiona kitabuni tu. Ndiyo maana leo nasema kwa uchungu: vitendawili vyetu tunaviua kwa namna tunavyovihifadhi. Tumebakisha swali na jibu, tukatupa kilicho katikati yake, na kilicho katikati yake ndicho kitendawili.

Tuyatazame maneno yenyewe. Kitendawili hutegwa, na anayekipatia hukitegua. Haya ni maneno ya mtego, na kwa sisi watu wa visiwani mtego wa mwanzo unaonijia akilini ni dema. Mvuvi wa Chwaka au Uroa anasuka dema lake, analipa mdomo ambao samaki akiingia hapati njia ya kutoka, analizamisha, anakwenda zake. Hajui ataingia changu au tasi, pono au kaa. Kesho yake analivuta na kukubali alichopewa. Mtegaji wa kitendawili aliye hodari hukaa vivyo hivyo. Ana jibu lake moyoni, lakini yuko tayari kushangazwa na samaki atakayeingia. Jibu likiwa zuri kuliko lake, mzee wa kweli husema "umenishinda" na kulichukua aende akalitumie kwengine. Nimeona hilo likitokea. Nazi ya yule mtoto ilikaribia kushinda usiku ule, na ingeshinda kama si yale macho matatu. Ndivyo nami, mtu mzima, nilivyopata somo la mimea juu ya jiwe la barza.

Sasa tuingie darasani. Miaka kadhaa baada ya msimu ule wa kiza, mpwa wangu alileta nyumbani karatasi ya mtihani. Swali mojawapo lilikuwa "Nyumba yangu haina mlango," na chini yake majibu manne ya kuchagua. Yai lilikuwamo, kaburi halikuwamo. Mpwa huyo, aliyekuwa amelala kwenye mapaja yangu usiku wa yule bi mkubwa, alikuwa ameongeza kwa mkono wake jibu la tano pembeni ya karatasi, akaandika "kaburi," na akapigwa alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Simlaumu mwalimu aliyesahihisha. Mwenye darasa lililofurika watoto na karatasi za kumaliza usiku kucha hana nafasi ya kusikiliza kila mtoto anajitetea vipi. Lawama yangu iko kwenye fikra kwamba kitendawili ni swali la maarifa lenye jibu moja lililowekwa kwenye ufunguo wa majibu. Mtoto aliyesoma hivyo kwa miaka mingi anatoka skuli akiwa na orodha ya vitendawili hamsini kichwani, na hajawahi hata mara moja kuomba mji wala kupewa. Hajui kwamba kushindwa kuna adabu yake. Katika mchezo huu anayeshindwa hatolewi nje, hutoa zawadi. Anampa mwenzake mji mzima, aende akatembee, akale, arudi na jibu. Sijui mchezo mwengine wa watoto ambao aliyeshindwa hugeuka mkarimu namna ile, na mshindi akalazimika kuilipa zawadi kwa hadithi.

Kuna vitendawili ambavyo siwezi kuvitenganisha na kuta za Mji Mkongwe. "Watoto wangu wawili, mchana hugombana, usiku hupatana." Jibu ni mlango, lakini mlango wetu: ule wa mbao nene wenye mbawa mbili, na katikati mfaa unaoziba ufa zinapokutana. Alfajiri ubao mmoja unasukumwa huku na mwengine kule, kila mmoja unampa mwenzake mgongo mpaka magharibi. Usiku unapoingia hurudi zikabanana kifua kwa kifua, komeo likapita. Mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba ya mlango wa bawa moja, uwe wa chuma au wa plaiwudi, anaambiwa jibu ni mlango naye analikariri. Haoni ugomvi wala mapatano. Kingine husema, "Kila mtu humwabudu apitapo." Jibu ni mlango tena, na mwenye kuitaka ithibati aende Kiponda au Baghani akatafute nyumba yenye kilango kidogo kilichotobolewa ndani ya mlango mkubwa. Hata tajiri wa meli atainama.

Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Tangu hapo tumebishana sana juu ya chokaa na saruji, na nani abadilishe dirisha gani, na ubishi huo ni wa haki. Sote tulilia ilipoporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib, siku ya 25 Disemba 2020. Mimi naomba na maneno yaliyokuwa yakikaa ndani ya milango ile yapewe ubishi kama huo. Wageni wanaipiga picha milango kutwa. Sijawahi kumsikia mtembezaji wageni akiwatega, akawaacha wakisumbuka hadi Forodhani, akawaomba mji.

Vitu vikiondoka, vitendawili vyake hubaki vimesimama kama nguzo za nyumba iliyobomoka. Kwa hili mimi sina huzuni kubwa, maana hata vyenyewe viliwahi kuwa vipya. "Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni" kilitungwa na mtu aliyekuwa akikitazama kikombe cha chai chenye mkono mmoja kama kioja, labda barzani kama hapa petu. "Jani la mgomba laniambia khabari" kilitungwa na mtu aliyemwona mwenziwe anaikodolea macho barua, kisha analia. Hao walikuwa ndio vijana wa zama zao, wanaukamata ulimwengu mpya kwa mtego wa kale. Na watoto wa Mkunazini, walipokwisha kuzoea, walifanya vile vile. Juma la tatu la vikao vyetu kijana mmoja alisimama akatega: "Mgeni wetu anatoka Bara kwa kupita chini ya bahari, siku asipokuja, tunalala na njaa ya macho." Barza nzima ilipiga makofi. Binti mdogo akafuata: "Analala na baba kitandani, asubuhi ndiye wa kwanza kutaka kulishwa." Mama yake akainamisha uso kwa kudhania mengine. Ilikuwa simu.

Kwa hiyo hofu yangu haihusu umri wa maneno. Inahusu masikio. Methali nayo hufa hivi hivi, ikiwa mdomoni na imekwisha kukatika mizizi. "Dau la mnyonge haliendi joshi" husemwa mpaka leo, na kila mmoja anajua inamhusu maskini. Niliwauliza vijana sita mmoja mmoja, wote wa mjini, joshi ni nini. Wanne walisema ni kasi, mmoja akasema ni sherehe, wa sita akakaa kimya. Ilibidi niende Nungwi, ambako majahazi bado yanaundwa ufukweni, fundi mmoja akaniinua mkono mpaka nikauhisi upepo kwenye kiganja, akanionyesha chombo kinavyoukaribia, kinavyoulalia kwa upande, na kwa nini chombo chenye tanga bovu na mabaharia wachache hakiwezi kuthubutu. Mnyonge basi hakunyimwa kasi tu. Amenyimwa njia ya kwenda kule upepo unakotoka, anakwenda anakopelekwa. Tangu siku hiyo methali ile inaniuma mahali pengine kabisa.

Au ile ya "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." Wengi wa vijana wetu husikia chungu cha kupikia na kujiuliza kifuu na chungu vina uhusiano gani jikoni. Chungu huyu ni mdudu, sisimizi. Nazi imekwisha kukunwa kwenye mbuzi, kifuu kimetupwa uani, mvua imenyesha, na mdudu amesimama ukingoni anaitazama bahari yake. Kila nikipita uani nikaona kifuu kimejaa maji huwa nasimama kidogo.

Mahali ambapo maneno haya bado yana masikio ni kwenye kanga. Ingia duka lolote la kanga Darajani utazame wanawake wanavyonunua. Rangi itawaita kutoka mbali, lakini mkono hautoi pesa mpaka jina lisomwe. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina jina lililoandikwa kwa chini, na ile sehemu pana ya katikati inaitwa mji. Sina ushahidi kwamba mji huu wa kanga na ule wa kitendawili ina nasaba moja, wala sidai hivyo. Lakini kila ninapozikunjua doti mbili mpya huwa naona ni yale yale: mtu ametega kwa chini kabisa, na juu ya maneno yake ametandaza mji.

Nikiwa na miaka tisa au kumi, shangazi yangu alikuwa na maneno na jirani wa nyumba ya pili. Chanzo chake sikijui mpaka leo. Nilichokiona ni kanga ya manjano iliyoanikwa juu ya kamba, jina likielekezwa dirishani kwa jirani: "Pilipili usiyoila yakuwashia nini." Ilikauka mchana na kutwa nzima haikuanuliwa. Siku ya nne jirani alipita mlangoni kwetu kwenda sokoni, amejifunga yake, jina limetulia nyuma sawasawa: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Shangazi akacheka peke yake jikoni, kwa sauti. Miezi ilipita hivyo. Hakuna aliyeinua sauti, hakuna mume aliyeitwa, sheha hakujua kitu. Shangazi alipofariki jirani yule alikuwa wa mwanzo kuingia na wa mwisho kutoka, na siku ya hitima alijitanda kanga ya manjano, ile ile ya pilipili. Sikupata kujua alipewa lini, na kwa maneno gani.

Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam huniambia, "Nyinyi Wazanzibari hamsemi wazi." Anasema kweli, na nimelifikiri sana. Katika mitaa ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, ambako kikohozi cha jirani unakisikia na mchuzi wake unaunusa, neno la wazi likishasemwa halina pa kwenda. Fumbo humwachia mwenzako mlango wa nyuma. Akitaka ataelewa, akitaka atajifanya hakuelewa, na kesho mtaamkiana bila ya aibu. Wazee walisema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua," na ndani yake kuna heshima kubwa: ninapokufumbia nimekwisha kukuhesabu kuwa mwerevu.

Lakini sitaki kulipamba fumbo kupita haki yake. Limeumiza watu pia. Najua wasichana walioambiwa kwa mafumbo mambo ambayo walistahili kuambiwa waziwazi, juu ya miili yao na haki zao, wakaingia nyumba za watu na methali za uvumilivu mikononi na hawana kitu kingine. Najua mke aliyepigwa mafumbo ya mke mwenzake mpaka akaacha kwenda harusini. Mwenye nguvu akifumba, mnyonge hana pa kushitaki, kwa sababu hakuna kilichosemwa. Kwa hiyo kila ninapolitetea fumbo nataka nijue nani anafumba na nani anafumbiwa.

Hapo ndipo Siti binti Saad anapokuwa mkubwa machoni pangu. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyekuja mjini akiuza vyungu, hakuwa na cheo wala nasaba ya kumlinda. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurikodi santuri, na sauti yake ikaenda kote Kiswahili kilikokwenda. Wimbo wake unaoitwa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke, kesi ambayo wanyonge wa mji waliona haikuleta haki. Fumbo hapo lilitoka chini kwenda juu. Majaji waliopita hakuna anayewakumbuka mtaani, Kijiti kinakumbukwa.

Wakusanyaji hatukuwakosa. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akasikiliza, akaandika, na mwaka 1870 kitabu chake cha hadithi za Waswahili kilitoka London, na vitendawili vimo. Katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka huo huo alieleza hata kinyume, ule mchezo wa kupindua neno, silabi ya mwisho ikatangulia, mbuzi akawa zimbu, wageni wasielewe. Mwaka 1958 mwenzetu S. S. Farsi alichapisha misemo ya Zanzibar katika vitabu viwili, kimoja cha methali na kimoja cha vitendawili na itikadi za watu. Nawashukuru wote, bila ya wao nisingekuwa na hata hiki cha kulalamikia. Ila ukisoma kurasa hizo utakuta swali, jibu, basi. Hutajua nani alitega, nani alibisha, mji gani ulitolewa. Nadhani Unguja ya miaka ya 1860 ilitoa miji mingi ya ajabu kwa watu waliokuwa wakitega barzani usiku, wengine wakiwa watumwa waliotolewa kwao kwa nguvu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "chukua mji," aliuomba upi? Hilo hakuna aliyeliandika, na kwangu lilikuwa na thamani kuliko jibu.

Halafu kuna hasara niliyoisababisha mimi mwenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Makunduchi. Alikuwa akisuka ukili mchana, miguu ameinyoosha, na vidole vyake havikusita hata alipokuwa akitega. Vitendawili vyake alivisema kwa Kimakunduchi, lugha aliyonyonya. Mimi nilikuwa nimeanza skuli mjini, nimefundishwa Kiswahili sanifu, ambacho chenyewe kimetokana na Kiunguja cha mjini, lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki. Nilikuwa na miaka saba. Alitega, na mimi badala ya kuitika nikamsahihisha. Nikamwambia bibi hivyo sivyo, hilo si neno. Alinitazama kwa muda, akasema, "Ahaa. Ndivyo mnavyofunzwa?" Akaendelea kusuka. Siku zile zilizobaki za likizo hakutega tena, na mimi sikuona kwamba kuna kilichopungua.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilipotoa kamusi ya lahaja ya Kimakunduchi mwaka 2012, niliinunua nikakaa nayo usiku kucha nikitafuta maneno yake. Baadhi niliyapata. Niliyasoma kwa sauti, chumbani peke yangu, mtu mzima mwenye mvi. Lakini neno likiwa kamusini si kitendawili, na vile vya bibi sikumbuki hata kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nakumbuka mdundo tu, na ule mkato wa pumzi kabla ya kuomba mji.

Ndiyo maana nilipozisoma khabari za Ayalandi nilisimama. Kule nako lugha ya mababu ilikuwa imesukumwa pembeni na Kiingereza, na wazee wa mashamba walikuwa wakifa na vitendawili na misemo yao. Kati ya mwaka 1937 na 1939 tume yao ya ngano iliwafikia watoto wa skuli za msingi zipatazo 5,000, wa umri wa miaka 11 hadi 14, ikawaomba wafanye jambo jepesi: rudini nyumbani, muulizeni bibi, babu, jirani, muandike watakayosema. Wakaandika hadithi, vitendawili, dawa za miti, michezo, majina ya mashamba, visima na mizimu. Madaftari yale bado yapo, yamehifadhiwa University College Dublin, na karatasi zake ni mamia ya maelfu. Kinachonigusa zaidi ya wingi ni kwamba aliyetumwa ni mtoto, na aliyefanywa mwalimu ni mzee wake. Mtoto aliambiwa na skuli yenyewe kwamba ya bibi yake yanafaa kuandikwa. Laiti mimi ningeambiwa hivyo nikiwa na miaka saba.

Kwetu hili linawezekana, na halihitaji wafadhili. Skuli za Makunduchi, Jambiani, Nungwi, Tumbatu, Donge na za mjini zina watoto, zina madaftari, na wazee bado hatujawamaliza. Naomba wizara yetu ya elimu na Baraza la Kiswahili walichukue kwa muhula mmoja tu. Kila mtoto aandike kitendawili kimoja, na pamoja nacho aandike nani alitega, wapi, majibu gani yalikataliwa na kwa hoja gani, na mji uliotolewa. Mzee aandikwe kama alivyosema, kwa lahaja yake, asisahihishwe. Na kwenye mtihani, kama ni lazima kitendawili kitahiniwe, basi mtoto apewe nafasi ya mistari mitatu kutetea jibu lake, na alama zitolewe kwa utetezi. Nimewaambia hivi walimu wawili watatu. Mmoja aliniuliza nani atakuwa na muda wa kusahihisha. Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba wazee wastaafu wa mtaani wako tele, wanakunywa kahawa, na wengi wao wangefurahi kuitwa.

Mimi sikungoja. Mwezi uliopita nilinunua madaftari kumi na mawili Darajani nikawagawia watoto wa mtaani kwetu, wengine wakiwa ni watoto wa wale waliokaa kizani mwaka 2010. Wa kwanza kurudi alikuwa msichana wa darasa la nne ambaye bibi yake anakaa Tumbatu. Alikuwa na kitendawili kimoja na majibu matatu, na mji aliopewa bibi ulikuwa Toronto, ambako ana wajukuu. Lakini alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa wepesi, herufi hazionekani vizuri. Nikamuuliza mbona hakutumia wino. Akasema alikuwa anangoja kuniuliza kwanza: aandike kama bibi alivyosema, au aandike sawasawa.

Nikampa kalamu yangu ya wino, nikamwambia kama bibi alivyosema.